Mkunga wa Kadutu anajibu: Umepima mapema, mwanangu

SWALI: Jambo Mama Mkunga. Mimi ni mama wa Bagira, hapa Bukavu, nina miaka 24. Niliolewa mwaka jana mwezi wa pili na bado sijapata mtoto. Bwana wangu anachimba dhahabu Kamituga, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, siku tatu nne, anarudi. Mwezi wa tatu niliona siku zangu tarehe 3. Yeye alifika tarehe 19, akaondoka tarehe 22. Siku zangu hazina mpango: mara zinarudi baada ya siku 27, mara 34. Tarehe 27 nilinunua testi kwa farmasi, ikatoka mstari mmoja. Tarehe 30 jioni nikarudia, mstari mmoja. Tarehe 2 asubuhi nikafanya ya tatu, nikaiweka dirishani, nikaenda soko. Kurudi saa sita naikuta na mstari wa pili, mwembamba kama wa kalamu ya risasi. Mama mkwe ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani. Nimwambie nini? Niko na mimba ao sina?

JIBU: Barua hii niliijibu kwa simu jioni ile ile iliponifikia, tarehe 4, maana tumbo halingoji mtambo wa kuchapa. Mwenyewe ameniruhusu niiandike bila jina, na jambo moja mawili nimeyageuza kidogo ili majirani wa Bagira wasianze kuulizana ni nani.

Mwanangu, kwanza ule mstari wa dirishani uutoe kichwani. Kikaratasi cha testi kinasomwa baada ya dakika tatu mpaka tano, jinsi maelezo yake yanavyosema. Zikishapita dakika kumi hakina tena la kukuambia. Mkojo ukikauka unaacha alama mahali pale pale ambapo mstari wa pili ungekaa: alama ya kijivu, isiyo na rangi. Umeandika mwenyewe "kama wa kalamu ya risasi", na neno hilo lilinijibu kabla sijafika mwisho wa barua. Mstari wa kweli una rangi ya mwenzake, waridi au nyekundu, hata ukiwa hafifu namna gani. Ukiuona hafifu lakini una rangi, na umetokea ndani ya dakika zake, hiyo ni mimba. Wa kijivu uliojitokeza wewe ukiwa sokoni, utupe pamoja na kikaratasi chake.

Sasa shusha kalenda ukutani tuhesabu pamoja. Nilikuambia hivyo kwenye simu, nikasikia unaburuta kiti.

Yai la mwanamke linatoka takriban siku 14 kabla ya siku zake zinazofuata. Watu wengi wanahesabu 14 kutoka siku ya kwanza ya damu, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 namba zinakutana, anabahatika. Wewe si wa 28. Ukifuata 27, siku zako zilikuwa zirudi tarehe 30 mwezi wa tatu. Ukifuata 34, tarehe 6 mwezi wa ine. Rudi nyuma siku 14 kwa kila moja: yai lako lilitoka siku moja kati ya tarehe 16 na tarehe 23. Bwana wako alikuwepo kuanzia tarehe 19 mpaka 22. Mbegu ya mwanaume inaweza kukaa hai ndani ya mwanamke mpaka siku tano ikingoja, lakini yai lenyewe halina subira hiyo, linaishi siku moja tu au pungufu. Basi kama mlikutana na yai, ni kati ya tarehe 19 na 23.

Kukutana bado si mimba ambayo kikaratasi kinaweza kuiona. Yai lililopata mbegu linasafiri polepole kwenye mrija, linafika kwenye mfuko wa uzazi, ndipo linajishikiza ukutani. Safari hiyo inachukua siku 6 mpaka 12, kwa wengi 8, 9 au 10. Kabla halijajishikiza, mwili haujaanza kumwaga kwenye damu na mkojo ile homoni inayopimwa, ambayo kwa kifupi inaitwa hCG. Ongeza siku hizo kwenye hesabu yako. Kwa wengi kujishikiza kungekuwa kati ya tarehe 27 na tarehe 2. Wewe ulipima tarehe 27! Mgeni alikuwa hajafika mlangoni, wewe unauliza mbona viti ni vitupu.

Tarehe 30 je? Homoni inaanza kidogo sana, halafu kila siku mbili hivi inajirudia mara mbili. Tuseme leo iko 3. Keshokutwa ni 6, halafu 12, halafu 24, halafu 48. Vikaratasi vingi vinavyouzwa Bukavu vimeandikwa 25 kwenye pakiti. Maana yake, chini ya hapo havioni kitu. Hata kama mtoto alijishikiza tarehe 29, jioni ya tarehe 30 ungeona mstari mmoja tu, na kikaratasi kisingekuwa na kosa lolote.

Halafu ilikuwa jioni. Hapo acha nijitaje mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka sita katika kazi ya ukunga, nikijiona najua kila kitu. Usiku mmoja wa zamu, umeme umekatika, nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai ya tangawizi ili nisilale. Siku zangu zilikuwa zimekawia siku moja. Nikachukua kikaratasi, nikakojoa maji matupu, nikasoma kwa tochi ya simu, nikaona mstari mmoja, nikawachekesha wenzangu kwamba nimezeeka mapema. Siku kumi baadaye nashuka Nyawera, mama mmoja anakaanga samaki wadogo, wale sambaza, kando ya njia, harufu ikanikamata, nikashika ukuta. Kesho yake alfajiri, kabla ya kunywa hata tone la maji, nikapima. Mstari wa pili ulitoka mkojo ungali unapanda. Huyo kijana sasa ananizidi urefu.

Mkojo wa asubuhi umelala usiku mzima kwenye kibofu, umekusanya homoni. Mkojo wa jioni, na chai juu yake, ni supu iliyoongezwa maji mara tatu: nyama imo, lakini huioni. Mimba ikishapita wiki chache, saa ya kupima haina maana tena kwa sababu homoni ni nyingi. Ni siku hizi za mwanzo ndizo zinataka alfajiri.

Na kwa kuwa bwana wako ni mtu wa dhahabu, kuna jambo moja nililokuomba umsimulie, likamchekesha. Angalia kikaratasi kabla hujakichovya: ni chembamba, upana wake kama njiti mbili tatu za kiberiti zilizolazwa pamoja, na chini kina mshale. Mkojo unapanda ndani yake jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani unakutana na chembe ndogo za rangi, unazibeba. Katika vikaratasi vingi chembe hizo ni dhahabu kweli, iliyosagwa ndogo mpaka imeacha kung'aa manjano na kuwa nyekundu. Kama homoni imo, inazinasa chembe zile kwenye mstari wa kwanza. Zinazobaki zinaendelea mpaka mstari wa juu, ule wenye herufi C, ambao unatoka kwa kila mtu. Huo wa juu ni shahidi kwamba mkojo umepita sawasawa. Usipotoka, hata kama wa chini umetoka, kikaratasi kimeharibika, nunua kingine. Kichovye mpaka alama tu, usikizamishe chote kama kijiko. Kilaze mahali tambarare, angalia saa. Usiende soko.

Bibi zetu hawakuwa na vikaratasi hivi. Huko hospitali za nje, kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1960, mkojo wa mwanamke ulidungwa ndani ya chura wa kutoka kusini mwa Afrika. Akitaga mayai kufikia kesho yake, mama ana mimba. Chura huyo alisafirishwa kwa meli mpaka Ulaya na Marekani. Kipimo cha kufanyia nyumbani kilichorwa mwaka 1967 na mwanamke Mmarekani, Margaret Crane, ambaye hakuwa hata daktari. Alikuwa msanii aliyeajiriwa na kampuni ya dawa kubuni sura za bidhaa za urembo. Aliona safu ya vichupa vya maabara, akajiuliza kwa nini mwanamke asiangalie mwenyewe. Vya kwanza vilikuwa vya kungoja kwa muda wa saa mbili bila kutikisa meza. Wewe dakika tano zimekushinda.

Basi lini? Siku zako za mbali kabisa ni tarehe 6. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2001 kwamba siku ya kwanza ya kukawia, katika mimba kumi, moja hivi bado haijajishikiza, kwa hiyo hakuna kipimo duniani kitakachoiona. Wiki moja baadaye zinazoweza kuonekana zinafika 97 katika 100. Wiki moja juu ya tarehe 6 ni tarehe 13. Kuna njia nyingine ya kuhesabu, ambayo naipenda kwa wanawake wenye siku zisizo na mpango: siku 21 tangu mara ya mwisho mlipolala pamoja. Kutoka tarehe 22, siku 21 zinaangukia tarehe 12. Unaona, njia mbili zimekutana mlango mmoja. Pima tarehe 12 alfajiri. Mistari miwili, una mimba, twende kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12 haijapita. Mstari mmoja na siku zako hazijarudi, basi si mimba ya safari ile ya bwana, kuna jambo lingine linalozikawisha, uje tukuangalie.

Kwenye simu uliniuliza pia kama ulipoteza pesa tu kwa kupima mapema. Kuna hasara kubwa kuliko pesa. Mimba nyingi huanza na kuishia ndani ya siku chache, mama asijue. Zamani angesema "mwezi huu nimekawia siku ine", angefua nguo na kuendelea na kazi. Leo mwenye kupima kila siku anaiona inaingia na anaiona inatoka, halafu anakaa na kilio ambacho hana kaburi la kukipeleka. Sijasema msijue. Ila nimeshika mikono ya wanawake wengi katika hali hiyo, na karibu wote walipima kwa haraka ya mtu mwingine.

Yako ilikuwa haraka ya Jumapili. Sasa niseme na mama mkwe, kama anasoma: mama, hesabu nawe. Mwanao yuko nyumbani siku tatu nne kwa mwezi. Miezi 14 ya ndoa yao, ukiweka pamoja siku walizolala chini ya paa moja, ni kama siku hamsini, haifiki hata miezi miwili. Na siku hizo hazichagui yai. Mwezi mwingine alifika yai limeshapita, mwezi mwingine aliondoka halijatoka. Sisi hatuanzi kuwatafutia wenzi ugonjwa mpaka wakae mwaka mzima wakikutana mara kwa mara, na tukianza tunawapima wote wawili, mwanaume wa kwanza kwa kuwa kipimo chake ni chepesi. Usimwite mkamwana tasa kwa siku hamsini.

Alichokiona mwenye barua asubuhi ya tarehe 12 ni chake. Ameniambia, sitakichapa.

SWALI: Mama, mimi ni motari wa pikipiki, napaki mahali panaitwa Essence. Mke wangu alipima, mistari miwili, tukafurahi. Wiki moja mbele akaona damu kidogo siku mbili, na tumbo linamuuma upande wa kushoto. Alipima tena, bado mistari miwili. Jirani anasema kama mistari bado iko, mtoto yuko salama. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, huyu jirani ni hatari kuliko barabara ya mvua. Nilipokupigia mlikuwa tayari mmefika hospitali, Mungu ashukuriwe. Hapa naandika kwa ajili ya wengine.

Kikaratasi kinajua jambo moja: homoni imo au haimo. Hakijui mtoto yuko wapi, wala kama yu hai. Mimba ikijishikiza kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi, inatoa homoni vile vile, mistari inatoka miwili vile vile, na mrija unaweza kupasuka ukamwaga damu ndani ya tumbo. Mwanamke mwenye mistari miwili pamoja na maumivu ya upande mmoja, au damu, au kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu ya ajabu juu ya bega, haendi farmasi kununua kipimo kingine. Anaenda hospitali yenye ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo, na chumba cha upasuaji, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maumivu ya bega watu wanayadharau, wanapaka dawa ya kuchua. Ni damu ya tumboni inachokoza mshipa wa fahamu, na maumivu yake yanasikika begani.

Na mimba ikishatoka yenyewe, homoni haiondoki siku ile. Inashuka polepole, wiki mbili, tatu, wengine zaidi, na kikaratasi kitaendelea kuonyesha miwili. Nimewaona wanaume wakiwashtaki wake zao kwa uongo kwa sababu ya mstari huo. Mambo hayo anayajibu daktari kwa kupima damu mara mbili, siku mbili kati, aone homoni inapanda ama inashuka.

SWALI: Dada wa Nguba hapa. Mwenzangu kazini anapima mimba kwa dawa ya meno, anasema povu likitoka ni mimba. Shangazi yangu anatumia sukari, mwingine javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ipi ni ya kweli?

JIBU: Hakuna. Ya dawa ya meno niliijaribu mwenyewe, nilipochoka kubishana. Nilimwomba mdogo wangu wa kiume, baba wa watoto watano, akojoe kwenye kikombe, nikaweka dawa ya meno. Povu likatoka jingi, zuri. Tukamtafutia jina la mtoto. Dawa ya meno nyingi zina chokaa, na mkojo wenye uchachu wowote ukikutana na chokaa unatoa povu, wa mwanamke, wa mwanaume, wa mbuzi. Sukari inaganda au haigandi kwa sababu zake, chumvi pia.

Javeli naikataza kabisa. Ikichanganyika na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na koo, na mwenye pumu ndani ya choo kidogo cha mbao anaweza kuanguka pale. Nunua kikaratasi. Cha bei ndogo kinapima sawa na kile cha plastiki chenye kifuniko; tofauti ni mkono wa kushikia. Angalia tu mambo mawili: tarehe ya mwisho, na kama pakiti imefungwa bado. Zile zinazotembezwa kwenye sinia juani kutwa, mimi sizinunui, maana zimeandikwa zisipite nyuzi 30 za joto.

Ulisahau kuuliza, lakini wengi wanauliza: dawa ya malaria haibadilishi jibu. Antibiotiki hazibadilishi. Vidonge vya kupanga uzazi havibadilishi. Inayobadilisha ni sindano ya hCG yenyewe, ambayo daktari humdunga mwanamke anayetafutiwa mtoto, na mwenye kudungwa hiyo anajua.

SWALI: Nanyonyesha, mtoto ana miezi nane na ameanza kula bugali. Sijaona siku tangu nizae. Sasa nasikia kichefuchefu. Nitahesabu kutoka wapi?

JIBU: Hesabu kutoka kitandani, mama, si kutoka damu. Siku 21 baada ya mara ya mwisho, pima alfajiri. Ukiona mstari mmoja na kichefuchefu hakijaisha, rudia baada ya wiki. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa uhakika mkubwa kama mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anakula ziwa tu usiku na mchana, na siku hazijarudi. Wewe limebaki moja. Na yai la kwanza linatoka kabla ya damu ya kwanza, ndiyo maana wako wanawake Bukavu wenye watoto wawili waliofuatana bila kuona siku hata mara moja katikati. Wenye sindano ya miezi mitatu, ikiwa mmechelewa kuirudia, hesabu yenu ni hiyo hiyo, kwa kuwa sindano inaweza kuzificha siku miezi mingi hata baada ya kuiacha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina miaka 20. Ilitokea Jumamosi. Leo ni Jumatatu. Muuza farmasi wa kwetu anasali na mama yangu. Nitapima lini na wapi?

JIBU: Nilikujibu kwa ujumbe siku ile ile, maana ulikuwa bado na muda wa jambo lingine. Kwa siku tano za kwanza, na mapema ni bora, kuna kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kinachelewesha yai lisitoke, hakitoi mimba iliyokwisha kuingia. Kikishamezwa siku zinaweza kuja mapema au kukawia hata wiki, usishtuke. Kupima ni siku 21 tangu Jumamosi ile, yaani Jumamosi ya tatu, alfajiri. Kabla ya hapo jibu la "hapana" si jibu.

Na kama "ilitokea" maana yake ni kwamba mtu alikulazimisha, usihesabu wiki. Nenda hospitali kabla ya saa 72, nguo usizifue, wakupe pia dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Hospitali ya Panzi inajulikana dunia nzima kwa kuwapokea waliotendewa hivyo, na hawataanza kwa kukuuliza ulivaa nini.

Kuhusu muuza farmasi: panda pikipiki, nenda mtaa ambao hakuna anayesali na mama yako, omba testi kama unavyoomba parasetamoli. Nunua mbili. Usizipasue mpaka asubuhi yenyewe, maana unyevu wa mji wetu unaingia kwenye pakiti iliyofunguliwa kabla hujageuka, na usiziweke kwenye mfuko wa begi ambao mdogo wako anatafutia kalamu.